Connie Francis, binti wa fundi paa

Connie Francis alipofariki tarehe 16 Julai 2025, akiwa na miaka 87, simu yangu ilijaa hadithi moja iliyokatwa fupifupi. Binti hataki kuimba wimbo wa kizamani, baba anamlazimisha, wimbo unalipuka, binti anakuwa nyota. Chini yake emoji za mikono ya sala na maneno "wasikilizeni wazazi." Katibu wa kwaya yetu akaituma kwenye kundi na kunitaja kwa jina, kwa kuwa anajua nafundisha mabinti, na anawajua baadhi ya baba zao.

Hadithi yenyewe ni ya kweli. Ugomvi wangu uko pale walipoikata. Ukiisimulia mpaka mwisho, yule baba si mtu wa kupigiwa makofi, nami nimemsikiliza Connie kwa muda mrefu mno kuiacha ipite hivihivi.

Kwa wasiomjua: mnamjua. Ndiye mwenye ile "Pretty Little Baby" iliyowekwa mwaka huo kwenye mamilioni ya video za TikTok, za vichanga wanaopiga miayo, za paka, za mabibi harusi wanaotengenezwa nywele. Vijana wangu wa Kimara walikuwa wanaiimba midomo imefungwa wakati wa kupanga viti. Binti mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, "Mwalimu, huyu dada ana nyimbo nyingine?" Nikamwambia huyo si dada, ni bibi, na alianza kurekodi mwaka 1955, Tanganyika haijapata uhuru. Akacheka, akidhani namtania.

Mimi alinifikia kwa njia nyingine. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na kati ya santuri alizorudi nazo kutoka Hamburg kulikuwa na moja ndogo yenye tundu kubwa katikati, "Die Liebe ist ein seltsames Spiel". Nyumbani sote tulimjua Connie kuwa ni Mjerumani. Kumbe ni wa Newark, New Jersey, Mmarekani wa asili ya Italia, jina la kuzaliwa Concetta Rosa Maria Franconero, mtoto wa Desemba 1937.

Baba yake, George Franconero, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Ndiye aliyemtwisha akodiani, kile kinanda cha kubebwa kifuani, binti akiwa bado mdogo kabisa, na ndiye aliyemzungusha kwenye mashindano ya vipaji. Aliyekwisha kuona mtoto akiwa na akodiani anajua kwamba kwa mbele huonekana miguu tu na macho. Arthur Godfrey, mtangazaji aliyekuwa mkubwa sana Marekani wakati ule, alishindwa kulitamka jina Franconero, akashauri litafutwe jepesi. Ndipo likaja Francis. Akashauri pia akodiani iachwe nyumbani. Huo wa pili binti aliupokea kwa mikono miwili. Baadaye akawa kwenye Startime, kipindi cha televisheni cha watoto wenye vipaji, na mwenye kipindi, George Scheck, akawa meneja wake.

Mwaka 1955 wakapata mkataba na kampuni ya santuri ya MGM Records. Sababu ya kuupata inachekesha kidogo. Wimbo wa majaribio waliopeleka uliitwa "Freddy", na bosi mmoja pale alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Freddy. Akaona itakuwa zawadi nzuri ya siku ya kuzaliwa. Basi. Wazazi wanaonijia wakitaka niwaambie kama mtoto "ana kipaji cha kutoka" nawasimulia hiki kwanza.

"Freddy" haukwenda kokote. Ukatoka mwingine, nao ukazama. Mwingine tena. Mmojawapo, "My First Real Love" wa 1956, ulitungwa na vijana wawili waliokuwa hawajulikani bado, Bobby Darin na Don Kirshner, nao ukafuata wenzake chini. Miaka miwili ikaisha hivyo. Kufikia 1957 kampuni ilikuwa imekwisha kuamua kutoongeza mkataba, na Connie alikuwa anafikiria kurudi shule, asomee udaktari.

Oktoba 1957 wakaingia studio kwa mara iliyodhaniwa kuwa ya mwisho. Baba alikuwa anaushikilia wimbo mmoja, "Who's Sorry Now?", wa mwaka 1923. Connie aliuona wa kizee. Marafiki zake wangemcheka. Baba, kwa haki yake, alikuwa na hoja, na hoja ilikuwa na akili: wimbo huu watu wazima wanaujua tayari, ukiupa mdundo wa sasa vijana wataucheza, kwa hiyo utauza kwa nyumba nzima. Mwishowe aliuimba, muda wa studio ukiwa unakwisha.

Usikilize leo kwa spika nzuri, si ya simu. Piano inagonga tatutatu, ule mdundo wa rokenroli ya polepole, na yeye anaingia chini, karibu kwa uvivu, kama mtu anayesema jambo lisilomuuma. Hajikazi hata kidogo. Halafu wimbo unarudi mwanzo na sauti inapanda, anaanza kukwaruza maneno, na mwishoni anaubana mstari mpaka unajua kwamba linamuuma sana. Nawafundisha vijana kuwa sauti kubwa lazima itokee mahali. Huyu alikuwa na miaka 19 na tayari alijua pa kuitoa. Nina wazo langu, sina ushahidi, kwamba alikuwa ameudhika. Aliuimba ili yaishe, na ile hasira iliyozuiwa ndiyo unayoisikia.

Siku ya mwaka mpya 1958 mtangazaji Dick Clark akaupiga kwenye American Bandstand, kipindi chake cha televisheni cha muziki wa vijana. Ndani ya miezi michache ulikuwa umeuza nakala milioni moja. Marekani ulifika namba 4, Uingereza ukakaa namba 1.

Hapo ndipo WhatsApp wanapokata.

Baba huyohuyo ndiye aliyemfukuza Bobby Darin. Connie na Darin walipendana wakati wote wawili wakiwa hawana kitu, na Connie amesimulia mara nyingi jinsi mzee, aliposikia kwamba vijana wanapanga kutoroka wakaoane, alivyomtimua Darin kwa bastola. Darin alikuja kuwa nyota wake mwenyewe, akamwoa mwigizaji Sandra Dee mwaka 1960, akafariki mwaka 1973 akiwa na miaka 37 kwa ugonjwa wa moyo. Connie aliolewa mara nne, na hakuna ndoa iliyodumu. Uzeeni bado alikuwa anasema kutoolewa na Darin ni jambo alilolijutia kuliko yote.

Sisemi wangeishi kwa raha. Vijana wawili wa muziki, nani ajuaye. Ninachosema ni kwamba baba aliyepatia wimbo alipata na kitu kingine juu yake: jibu. Kila binti akibisha, jibu liko tayari, wala halihitaji kutamkwa. Nani alikuwa sahihi kuhusu ule wimbo?

Na alikuwa na masikio mazuri tu yeye mwenyewe, Connie, bila baba. Katikati ya 1958 Neil Sedaka na mwenzake Howard Greenfield, watunzi wachanga, walikwenda kwao kumpigia nyimbo zao. Wakampigia za mapenzi ya polepole, moja baada ya nyingine, yeye yuko pale anaandika kwenye shajara yake. Akawaambia hizi ni za wasomi mno, vijana wanataka kitu chenye uhai. Kwa kubahatisha Sedaka akapiga kimoja walichokuwa wamekusudia kumpa mtu mwingine, "Stupid Cupid". Connie akaruka: huo ndio wangu. Ukafika namba 14 Marekani na namba 1 Uingereza. Sedaka aliomba aione ile shajara, akanyimwa, akaenda zake kutunga "The Diary", wimbo uliomfungulia njia yeye mwenyewe kama mwimbaji. Hapo hapakuwa na baba. Palikuwa na msichana, piano na sikio.

Mwaka 1959 mzee akaja na wazo jingine, na lazima niseme lilikuwa zuri kuliko lile la kwanza: santuri nzima ya nyimbo za Kiitaliano. Wakaenda London, wakarekodi kwenye studio za Abbey Road, miaka mitatu kabla ya Beatles, ile bendi ya Waingereza, kuingia humo. Santuri ile ilikaa kwenye chati za Marekani zaidi ya mwaka, na "Mama" iliyomo ndani inapigwa kwenye harusi za Waitaliano mpaka leo. Ikafuata ya Kihispania, ikafuata ya nyimbo za Kiyahudi, kwa sababu mtaa aliokulia Newark ulikuwa wa Waitaliano na Wayahudi, na Kiyidi alikuwa anakisikia dirishani.

Hapa ndipo ninapompenda hasa, mniwie radhi nikikaa kidogo. Kwaya zetu zinaimba Kizulu, Kilatini, Kilingala. Mwalimu anaandika maneno ubaoni jinsi yanavyotamkwa, waimbaji wanayakariri, Jumapili tunaimba, na wazee wanalia. Anayefundisha anajua shida haiko kwenye konsonanti. Iko kwenye irabu. Mtu akifika kwenye noti ndefu ya lugha ngeni, mdomo unarudi nyumbani. "E" ya watu inageuka "e" ya kwao. Connie aliimba kwa lugha zaidi ya kumi: Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kireno, Kijapani, Kiswidi, Kiebrania na nyingine, nyingi zikiwa lugha asizoongea. Aliurudia wimbo uleule, muziki ukiwa uleule, studioni, neno kwa neno. Kwenye Kiitaliano irabu zake zimefunguka kabisa, yuko sebuleni kwao. Kwenye Kijerumani, ile santuri ya mjomba, lafudhi inasikika, lakini noti ndefu hazitoroki. Anazishika mpaka mwisho.

Na ile ya Kijerumani ilikuwa kazi yake. Mwaka 1960 alitaka wimbo wa mahadhi ya kantri, mwepesi, unaoweza kuvuka mipaka. Greenfield na Jack Keller wakatunga "Everybody's Somebody's Fool". Toleo la Kijerumani wakubwa walikuwa na wasiwasi nalo, yeye akang'ang'ania, likawa namba 1 Ujerumani. La Kiingereza nalo, mwezi Juni mwaka huohuo, likamfanya mwanamke wa kwanza wa kuimba peke yake kushika namba 1 kwenye Hot 100, ile chati ya nyimbo mia zinazovuma Marekani ya jarida la Billboard. Miezi mitatu baadaye akairudia nafasi ileile na "My Heart Has a Mind of Its Own", na mwaka 1962 mara ya tatu na "Don't Break the Heart That Loves You". Katika hadithi za emoji, haya hayamo. Binti anayejiamulia hafai kwa somo lao.

Kitu kimoja zaidi cha kusikiliza, kwa wale wanaoimba. Katika nyimbo zake nyingi, "My Happiness" ni mfano mzuri, anayeimba naye sauti ya pili ni yeye mwenyewe. Alirekodi ya kwanza, akarudi akaweka nyingine juu yake. Pumzi zinakatwa mahali pamoja, herufi ya mwisho ya neno inafungwa kwa pamoja. Nimekaa miaka kumfanya mtu na dada yake wa tumbo moja wafunge neno kwa pamoja bila kufanikiwa.

Filamu nazipita. Alicheza nne za MGM kuanzia 1960, ya kwanza "Where the Boys Are". Wimbo wake ni bora kuliko filamu. Beatles walipoingia Marekani mwaka 1964 chati zilimfunga mlango, kama zilivyowafungia wengi wa rika lake, naye akahamia kwenye kumbi za Las Vegas na ziara za nje. Mwaka 1967 alikwenda Vietnam kuwaimbia wanajeshi.

Kisha usiku wa Novemba 8, 1974. Alikuwa ameimba Westbury, New York. Usiku mtu akaingia chumbani kwake hotelini, akambaka akimtishia kwa kisu. Hakukamatwa mpaka leo. Connie aliishtaki hoteli, kwa sababu mlango wa kioo wa chumba uliweza kufunguliwa kutoka nje. Wazee wa baraza wakaamuru alipwe dola milioni 2.5, na kesi ile ilizifanya hoteli za Marekani zifikirie upya vitasa vyake. Mwaka 1977 akafanyiwa upasuaji wa pua na sauti ikapotea. Hebu fikiria, mtu wa sauti ile. Mwaka 1981 mdogo wake wa kiume, George, mwanasheria, akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo sauti ikiwa imerudi, Connie akapanda jukwaani, na ukumbi aliouchagua ni uleule wa Westbury. Sijui mwimbaji mwingine ambaye angefanya hivyo.

Katika miaka iliyofuata akili ilimwelemea, na baba yake akamwingiza hospitali za wagonjwa wa akili, zaidi ya mara moja, bila ridhaa yake. Kwa miaka alitibiwa ugonjwa ambao baadaye madaktari walisema haukuwa wenyewe. Kilichokuwa kinamsumbua ni kiwewe cha yale yaliyompata. Alikuja kulisema hadharani, akafanya kampeni kuhusu afya ya akili na haki za watu waliotendewa uhalifu, wakati watu wa umri wake hawakuwa wanayataja mambo hayo mezani.

Namwelewa yule mzee zaidi ya anavyodhani katibu wetu. Alikuwa na hofu. Aliezeka mapaa ili binti asiezeke. Lakini aliyeamua wimbo akaendelea kuamua mchumba, na aliyeamua mchumba akaendelea kuamua wodi. Kuna baba mmoja huja kwenye mazoezi yetu, anakaa kiti cha nyuma, anagonga mapigo kwa goti na kumpandishia binti yake nyusi kila anapokosea. Binti ana sauti nzuri kuliko wote nilionao mwaka huu. Nimemwomba baba asubiri nje, kwenye benchi chini ya mwembe, na amenuna, na mama mtu amenipigia simu. Binti sasa anafungua mdomo.

Turudi kwenye "Pretty Little Baby". Ni wimbo wa 1962, ulifichwa ndani ya santuri ndefu yenye nyimbo nyingine. Marekani haukutolewa kama singo; kampuni haikuona kitu humo, wala hakuna simulizi ya baba kuupigania. Ulipoanza kuzunguka mwaka 2025, Connie mwenyewe alisema hakuukumbuka, ilibidi ausikilize kwanza. Mwezi Juni alifungua akaunti ya TikTok na kuwashukuru watoto wa dunia nzima, anacheka, haamini. Mwezi mmoja baadaye akafariki Florida.

Wale wa kundini walioniomba orodha: "Mama" kwanza, ile ya Kiitaliano, halafu "Stupid Cupid", halafu "Who's Sorry Now?" kwa spika nzuri. Na Katibu, hii yote ni kwa ajili yako. Usiikate.